Mashaka ya Kweli na Mashaka ya Kuuzwa: Namna Viwanda vya Tumbako Vilivyoitwa Kujibu

Paketi ya sigara ni kitu kidogo. Inaingia katika mufuko wa shati, na kila duka la njiani linaiuza. Lakini tukiitazama vizuri, mara nyingi tunasoma juu yake maneno ya kuonya, kwamba kitu hiki kinaweza kuleta magonjwa na kuua. Si ajabu? Hakuna anayeandika maneno ya namna hiyo juu ya kipande cha sabuni wala juu ya mufuko wa chumvi. Wenye viwanda hawakuandika maneno yale kwa mapenzi yao. Sheria iliwalazimisha, na sheria hiyo ilipatikana kwa shida, kisha mabishano ya miaka mingi.

Tunataka kusimulia hapa habari ya mabishano hayo, hasa namna yalivyokuwa Marekani na Uingereza, maana huko ndiko yalikoanza kwa nguvu. Hatukusudi kutoa mahubiri ya kukataza tumbako. Wengi kati yetu wanajua hatari yake, na wengine wanaivuta wakiijua. Tunataka kuangalia jambo lingine: namna watu wenye akili na wenye feza walivyoweza kuchelewesha ukweli kwa muda wa miaka karibu 50. Njia yao kubwa ilikuwa kuutia ukweli mashaka, kuliko kuukana wazi. Sisi tunaofundisha, ambao watu wanasadiki neno letu, inatupasa kuijua njia hiyo, kwa sababu haitumiwi katika mambo ya tumbako tu.

1. Katazo la zamani

Tumbako ilitoka Amerika. Wenyeji wa kule waliitumia tangu zamani, mbele ya Wazungu kufika. Kisha mwaka 1492 mabaharia wa Ispania na wa Ureno waliipeleka Ulaya, Afrika na Asia. Watu waliivuta, waliitafuna, waliinusa. Waganga wengi wa Ulaya wakati ule waliisifu kama dawa ya magonjwa mengi.

Kanisa lilikuwa kati ya wale waliotangulia kuiwekea mipaka. Tarehe 30 Januari 1642, Papa Urbano VIII, akiombwa na wakanoni wa Sevilla, alikataza kutumia tumbako ndani ya makanisa ya jimbo lile, na atakayevunja katazo atengwe na Kanisa. Waliona haya kwa sababu watu, na hata mapadri, walitumia tumbako mahali patakatifu na kuchafua vitambaa vya altare. Mwaka 1650 Papa Inosenti X alifanya vilevile kwa ajili ya Basilika ya Mutakatifu Petro. Lakini mwaka 1725 Papa Benedikto XIII aliondoa azabu hiyo.

Tuone vizuri maana ya katazo lile: lilihusu heshima ya nyumba ya Mungu, halikuhusu mapafu ya watu. Hakuna aliyejua habari ya mapafu. Na tusifiche: mwaka 1863 Papa Pio IX alimaliza kujenga Roma, katika mutaa wa Trastevere, kiwanda kikubwa cha tumbako kwa faida ya Serikali ya Papa. Nyumba yake ingali pale hata leo. Kwa hiyo hatuwezi kusimulia habari hii kama watu wanaohukumu wengine kutoka mbali.

2. Mashini iliyogeuza mambo

Mupaka miaka ya 1880, sigara ilikuwa kitu cha kufungwa kwa mukono. Mufanyakazi hodari aliweza kufunga vipande 4 hivi kwa dakika moja, wala si zaidi. Mwaka 1881 kijana wa Virginia, James Bonsack, alipata hati ya serikali kwa ajili ya mashini yake ya kufunga sigara. Mashini hiyo ilitoa sigara kama 120,000 kwa siku moja ya kazi.

James Buchanan Duke, mwenye kiwanda katika muji wa Durham, North Carolina, alifahamu mara moja faida ya mashini ile. Lakini mashini inayotoa sigara nyingi namna hiyo inahitaji wavutaji wengi. Basi Duke alitumia feza nyingi kwa matangazo na picha. Mwaka 1890 aliunganisha kampuni kubwa za Marekani kuwa moja, American Tobacco Company, na ikawa na nguvu sana hata Tribinali Kuu ya Marekani iliamuru mwaka 1911 igawanywe.

Kisha vita vikaja. Katika vita kubwa vyote viwili askari walipewa sigara pamoja na chakula chao. Jeshi la Marekani liliendelea kutia sigara katika chakula cha askari mupaka mwaka 1975. Vijana walitoka kwao bila kuvuta, wakarudi wakivuta. Kwa hiyo, kisha Vita ya Pili, kule Uingereza wanaume karibu wote walikuwa wamevuta wakati fulani wa maisha yao. Padri alivuta, mwalimu alivuta, munganga mwenyewe alivuta huku akipima kifua cha mugonjwa.

3. Waganga wanaanza kuuliza

Lakini kitu kimoja kiliwahangaisha waganga. Kansere ya mapafu, ugonjwa uliokuwa haba sana zamani, ilikuwa inaongezeka. Katika Uingereza na Wales waliokufa kwa ugonjwa huo mwaka 1922 walikuwa 612. Mwaka 1947 walikuwa 9,287. Sababu ni nini? Wengine walisema: moshi wa viwanda. Wengine: magari, au lami ya barabara mupya. Mumoja wa hao alikuwa munganga kijana, Richard Doll, ambaye mwenyewe alivuta sigara.

Doll na mwalimu wake Austin Bradford Hill walitafuta njia ya kujua. Katika hospitali 20 za London waliwauliza wagonjwa wa kansere ya mapafu habari za maisha yao. Kisha, kwa kila mugonjwa wa namna hiyo, walimutafuta mugonjwa mwingine, mume kwa mume, mke kwa mke, wa umri ulio karibu na wake, lakini mwenye ugonjwa mwingine, wakamuuliza maswali yaleyale. Kwa kulinganisha hawa na wale wangeona tofauti iko wapi.

Walitoa matokeo mwezi wa Septemba 1950. Kati ya wanaume 649 wenye kansere ya mapafu, wasiovuta walikuwa 2 tu. Kati ya wanaume 649 wenye magonjwa mengine, wasiovuta walikuwa 27. Mutu anaweza kusema: tofauti hiyo si kubwa, 2 na 27. Lakini hapo ndipo palipokuwa ugumu wa kazi yenyewe. Mahali ambapo karibu wote wanavuta, nani atatambua kwamba tumbako ndiyo inayoua? Ni kama kijiji ambapo wote wanachota maji katika kisima kimoja kibaya: kila mutu anafikiri kwamba kuumwa tumbo ni desturi ya wanadamu. Zaidi ya hayo, waliona kwamba kadiri mutu anavyovuta sana, ndivyo hatari inavyozidi. Doll hakungoja: aliacha kuvuta.

Mwaka uleule, Mei 1950, matokeo ya namna moja yalitoka Marekani, katika muji wa Saint Louis. Habari ya kule inatupendeza kwa namna ya pekee, kwa sababu ya mutu mumoja, Evarts Graham. Graham alikuwa mupasuaji mwenye sifa katika dunia yote. Mwaka 1933 alikuwa wa kwanza kumutoa mugonjwa wa kansere pafu zima, na mugonjwa akapona. Na Graham alivuta sigara sana.

Siku moja mwanafunzi wake, Ernst Wynder, alimuomba ruhusa ya kuchunguza kama tumbako inaleta kansere ya mapafu. Graham hakusadiki. Alifanya mzaha akisema kwamba mauzo ya soksi ndefu za nailoni za wanawake nayo yameongezeka pamoja na kansere; basi, tuseme soksi ndizo zinazoua? Neno lile halikuwa la upuuzi. Ni neno la mantiki: mambo mawili yakikua pamoja, si lazima moja liwe sababu ya lingine. Lakini tuone alivyofanya nyuma ya kusema hayo. Hakumukataza kijana. Alimupa ruhusa, akamusaidia, wakachunguza wagonjwa 684. Hesabu ilipokwisha, Graham aliona kwamba amekosea, akaandika hivyo kwa jina lake mwenyewe mbele ya waganga wenzake. Kisha akaacha sigara.

Alikuwa amechelewa. Tarehe 4 Machi 1957 Evarts Graham alikufa kwa kansere ya mapafu, ugonjwa uleule aliojifunza kuuponya. Yule mugonjwa aliyemupasua mwaka 1933 alikuwa angali muzima.

4. Mukutano wa hoteli

Mwezi wa Desemba 1953, Wynder na Graham pamoja na mwenzao walitoa habari nyingine: walipaka lami ya moshi wa sigara juu ya ngozi ya panya, na wengi wakapata kansere. Magazeti yote yalisimulia habari hiyo. Wavutaji wakaingiwa na hofu.

Tarehe 14 na 15 za mwezi uleule, wakubwa wa kampuni za tumbako za Marekani walikutana katika Hoteli Plaza, New York. Siku zote walikuwa wakishindana. Safari hii walikaa pamoja. Walimuita John Hill, mutu ambaye kazi yake ilikuwa kuzipatia kampuni sifa njema kwa watu. Shauri lililopatikana lilikuwa la werevu sana. Wakikana wazi, watu watasema: hawa wanatetea mifuko yao. Basi, waonekane wanapenda elimu, na waombe uchunguzi zaidi.

Tarehe 4 Januari 1954, katika magazeti zaidi ya 400 ya Marekani, lilitokea tangazo la ukurasa muzima lenye majina ya kampuni zile. Lilisema kwamba kampuni zinahesabu afya ya watu kuwa ni jambo linalopita mengine yote katika kazi yao, kwamba wenye elimu hawajapatana juu ya sababu ya kansere, na kwamba wao wenyewe wataanzisha kamati ya uchunguzi na kuitolea feza. Mwaka uleule waliweka juu ya kazi ya kamati hiyo mwenye elimu wa sifa, Clarence Cook Little, aliyekuwa mbele kiongozi wa chama kikubwa cha kupigana na kansere. Mutu wa namna hiyo akisema kwamba jambo halijawa hakika, nani asingetulia?

Tuliangalie vizuri tangazo lile. Karibu kila neno lake, likichukuliwa peke yake, liliweza kutetewa. Ni kweli kwamba kansere ina sababu nyingi. Ni kweli kwamba uchunguzi zaidi ni kitu kizuri. Uongo ulikuwa katika kusudi. Waliomba uchunguzi ili usimalizike. Na wavutaji walipotaka kujilinda, walipewa sigara zenye kichungi. Kichungi kimoja kilichosifiwa sana, cha sigara Kent, kilitengenezwa toka mwaka 1952 mupaka 1956 kwa amianti, ndiyo nyuzi za jiwe ambazo zenyewe zinaleta kansere.

5. Serikali inaingia

Wakati huo Doll na Hill hawakulala. Mwaka 1951 waliwaandikia waganga wa Uingereza wakiwauliza kama wanavuta, na waganga karibu 40,000 walijibu. Kisha wakangoja kuona nani watakufa, na kwa ugonjwa gani. Matokeo ya kwanza, ya mwaka 1954, yalikubaliana na yale ya hospitali. Walifuata hesabu hiyo miaka 50. Mwaka 2004 Doll, akiwa na miaka 91, alitoa matokeo ya mwisho: wanaume walioendelea kuvuta maisha yao yote walikufa mbele ya wengine kwa miaka kama 10.

Mwaka 1962 chama cha kifalme cha waganga cha London kilitangaza wazi kwamba sigara ni sababu ya kansere ya mapafu. Uingereza ilikataza matangazo ya sigara katika televizyo toka Agosti 1965.

Marekani, mukubwa wa afya ya watu, Luther Terry, aliweka kamati ya watu 10. Ili mutu asiseme kwamba kamati ina upendeleo, majina yalionyeshwa kwanza kwa vyama mbalimbali, hata kwa upande wa tumbako, na kila upande uliweza kufuta jina lolote usilolitaka. Nusu ya watu wale 10 walikuwa wavutaji. Walisoma maandiko kama 7,000. Tarehe 11 Januari 1964, siku ya posho, Terry aliwaita waandishi wa magazeti. Alichagua posho kwa kuwa soko la feza limefungwa siku hiyo. Neno la kamati lilikuwa hili: kuvuta sigara ni sababu ya kansere ya mapafu kwa wanaume.

Mutu angefikiri kwamba habari inaishia hapo. Lakini hapo ndipo tunapoona nguvu ya mashaka. Sheria ya mwaka 1965 iliamuru onyo liandikwe kando ya kila paketi toka tarehe 1 Januari 1966. Lakini onyo lenyewe lilikuwa la upole: kwamba kuvuta kunaweza kuwa na hatari kwa afya. Kunaweza! Na sheria ileile ilizuia, kwa miaka kadhaa, maonyo mengine yasiwekwe katika matangazo. Kisha, mugonjwa aliposhitaki kampuni, avoka wao walijibu: ulionywa, soma paketi yako. Maneno yaliyowekwa kumulinda muvutaji yakawa ngao ya muuzaji.

Matangazo ya sigara katika radio na televizyo ya Marekani yalikatazwa toka tarehe 2 Januari 1971. Kwa nini tarehe 2, isiwe tarehe 1? Kwa sababu siku ya Mwaka Mupya Wamarekani wengi wanaangalia michezo katika televizyo, na kampuni zilipewa siku hiyo ya mwisho.

6. Yaliyoandikwa kwa siri

Kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba wenye viwanda walijua. Waliweza kukosea kwa moyo safi, sawa na Graham mbele ya uchunguzi wake. Jambo hilo lilikatwa na karatasi zao wenyewe.

Tarehe 14 Aprili 1994, wakubwa 7 wa kampuni za tumbako walisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Henry Waxman. Waliinua mikono ya kuume, wakaapa kusema kweli. Kisha kila mumoja, akiulizwa, alisema kwamba kwa mawazo yake nikotini haimufungi mutu kama mutumwa.

Mwezi uliofuata, mwalimu wa chuo kikuu cha California, Stanton Glantz, alipokea sanduku lenye karatasi kama 4,000 za siri za kampuni Brown & Williamson. Ndani yake ilikuwamo barua ya mwaka 1963, ya avoka mukubwa wa kampuni ile, ikisema wazi kwamba kazi yao ni kuuza nikotini, na kwamba nikotini ni dawa inayomufunga mutu. Kumbe! Miaka 31 mbele ya kiapo kile, neno lilikuwa limekwisha kuandikwa. Andiko lingine la kampuni ileile, la mwaka 1969, lilifundisha kwamba bidhaa yao ni mashaka, kwa kuwa mashaka ndiyo njia bora ya kushindana na yale ambayo watu wamekwisha kuyasikia.

Tulisome neno hilo mara mbili. Bidhaa yao ilikuwa mashaka. Sigara zilitoka kiwandani, na mashaka yalitoka ofisini, na yote mawili yalisafiri pamoja.

Mwezi wa Mei 1994 jimbo la Mississippi lilikuwa la kwanza kuzishitaki kampuni. Hoja yake ilikuwa mupya: kama muvutaji alionywa, walipa-kodi hawakuvuta kitu, basi nani atawarudishia feza walizotumia kuwauguza wagonjwa masikini? Majimbo mengine yakafuata. Katika shauri la Minnesota, lililomalizika Mei 1998, kampuni zililazimishwa kufungua mamilioni ya kurasa za siri. Tarehe 23 Novemba 1998 majimbo 46 yalipatana na kampuni kubwa: zitalipa dola miliardi 206 kwa muda wa miaka 25. Tena ziliacha kutumia picha za katuni katika matangazo. Katuni moja, ngamia wa sigara Camel, ilijulikana sana: uchunguzi wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba watoto wa miaka 6 walimujua ngamia yule karibu sawa na walivyomujua panya Mickey wa Walt Disney.

Mwisho, tarehe 17 Agosti 2006, mwamuzi Gladys Kessler wa tribinali ya Washington aliandika hukumu yenye kurasa zaidi ya 1,600. Alisema kwamba kampuni zilikuwa zimeungana kuwadanganya watu kwa miaka zaidi ya 50, na kwamba zilivunja sheria iliyowekwa kwa ajili ya vikundi vya wahalifu. Aliziamuru kutangaza ukweli kwa feza zao. Kampuni zilikata rufani, zikabishana juu ya kila neno, na matangazo yale yalitoka katika magazeti na televizyo Novemba 2017. Toka tangazo la Januari 1954 mupaka tangazo la Novemba 2017 ni miaka 63. Mutoto aliyezaliwa mwaka wa tangazo la kwanza alikuwa muzee alipoambiwa kweli na wale waliomudanganya.

7. Na sisi je?

Marekani mwaka 1965 watu 42 katika kila 100 wenye umri wa kutosha walivuta sigara. Mwaka 2021 walikuwa wamepunguka mupaka 12 hivi. Hayo ni matunda ya sheria, ya kodi na ya ukweli kusemwa. Lakini kampuni hazikufunga milango. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba tumbako inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kwamba katika watu 100 wanaoitumia, karibu 80 wanakaa katika inchi masikini au za uchumi wa katikati. Maana yake, inchi kama zetu.

Kwa sababu hiyo mataifa yalifanya mapatano huko Geneva tarehe 21 Mei 2003, yakaanza kutumika tarehe 27 Februari 2005. Inchi yetu ya Kongo iliyathibitisha mwaka uleule wa 2005. Mapatano hayo yanataka onyo lichukue sehemu kubwa ya paketi, matangazo yakatazwe, watoto wasiuziwe, na wasiovuta wakingwe na moshi wa wengine. Tena yana sharti moja lililotoka katika historia tuliyoisimulia: serikali zinapotunga sheria za tumbako, zijilinde na faida za wenye biashara hiyo. Mataifa yalikuwa yamejifunza.

Lakini sheria iliyo katika karatasi ni kitu kimoja, na sokoni ni kitu kingine. Sigara zikiuzwa moja moja, mutoto ananunua moja kwa feza kidogo, wala haoni paketi wala onyo lake. Kazi ya miaka yote ile inapotea katika mikono ya muuzaji mudogo, ambaye naye anatafuta chakula cha watoto wake. Ni vizuri tuwaambie watu wetu jambo hilo kwa upole, bila kuwatukana.

8. Namna ya kutambua mashaka ya kuuzwa

Wanafunzi wa filosofia wanajifunza kwamba mashaka si zambi. Bila mashaka, Graham asingechunguza, na Doll angeendelea kusema kwamba ni lami ya barabara. Basi, namna gani tutatenga mashaka ya kweli na mashaka ya kuuzwa? Historia hii inatupa alama tatu.

Alama ya kwanza: mwenye mashaka ya kweli anakubali kupimwa, na hakikisho likija anageuka. Graham alicheka, akapima, akageuka. Wenye viwanda waliomba hakikisho. Walipolipata mwaka 1954 waliomba lingine, na la mwaka 1964 halikuwatosha, na halikuwako lolote ambalo lingewatosha.

Alama ya pili: mashaka ya kweli yanamugarimu mwenyewe, mashaka ya kuuzwa yanamulipa. Tunaposikia mutu akitutuliza juu ya hatari, tuulize kwanza nani anamupa mushahara. Tusimuhukumu kwa hiyo tu, lakini tuulize.

Alama ya tatu ndiyo kubwa kupita zote. Mutu anayeshuku kama muto una mamba hapeleki watoto kuoga hata ajue. Mashaka ya kweli yanaleta uangalifu. Lakini kampuni zile zilisema: hatujui kama inaua, basi tuendelee kuuza. Anayesema “sijui” huku akisukuma watoto majini, huyo anajua.

Tumesema mwanzoni kwamba hatuwezi kuwahukumu wengine kutoka mbali. Tarehe 9 Novemba 2017, mwezi uleule wa matangazo yale ya Marekani, Vatikano ilitangaza kwamba Papa Fransisko ameamua sigara zisiuzwe tena pale toka mwaka 2018. Sababu iliyotolewa ilikuwa fupi: Kiti cha Kitume hakiwezi kushiriki katika jambo linaloharibu afya ya watu kwa hakika. Mauzo hayo yalikuwa yanaleta faida, na faida hiyo iliachwa. Toka kiwanda cha Trastevere mupaka siku ile ni miaka 154. Ni mingi. Lakini kiwanda kilijengwa wakati watu hawakujua, na mauzo yalikatwa bila tribinali kulazimisha.

Sisi nasi, kila mutu katika parokia yake na katika shule yake, tutakutana na mambo mengine ambayo wenye faida watatuambia: ngojeni kwanza, wenye elimu hawajapatana. Pengine itakuwa kweli. Tutumie alama hizo tatu, tena tujiulize ni nani anayekufa wakati sisi tunangoja.